Jimbo Moja, Viti 19: Hesabu Iliyojificha Nyuma ya Viti Maalum

Tuanze na fumbo. Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa Oktoba 2020, ACT-Wazalendo walishinda majimbo 4 ya ubunge. CUF walishinda 3. CHADEMA walishinda jimbo 1 tu, Nkasi Kaskazini. CCM walichukua mengine yote, 256. Jumla majimbo 264.

Kisha ukaja mgao wa Viti Maalum vya wanawake, viti 113. CCM wakapata 94. ACT-Wazalendo, wenye majimbo manne: sifuri. CUF, wenye matatu: sifuri. CHADEMA, wenye jimbo moja: viti 19.

Mtu akikuuliza kijiweni hii imekaaje, utamjibu nini? Wengi hudhani Viti Maalum ni nyongeza: chama kikishinda majimbo mengi kinapewa na wanawake wengi, kikishinda machache kinapewa wachache. Kama ingekuwa hivyo, CHADEMA wangekuwa wa mwisho. Kumbe sivyo. Nyuma ya mgao ule kuna hesabu, na ukishaielewa fumbo linafunguka lenyewe. Haihitaji zaidi ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, kwa hiyo hata kama hesabu za sekondari zilikupiga chenga, twende pamoja.

Milango mitano ya kuingilia bungeni

Kwanza tujue nani anaingiaje. Bunge la Tanzania halina aina moja ya mbunge. Ibara ya 66 ya Katiba ya 1977 inataja makundi kadhaa, na kwa Bunge lililotokana na uchaguzi wa 2020 viti vilikuwa hivi:

- Wabunge wa majimbo: 264
- Wabunge wanawake wa Viti Maalum: 113
- Wabunge kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar: 5
- Wabunge wa kuteuliwa na Rais: wasiozidi 10
- Mwanasheria Mkuu wa Serikali: 1

Ukijumlisha unapata 393. Spika naye ni mbunge hata kama hakuchaguliwa kutoka miongoni mwao.

Kati ya makundi yote hayo, mpiga kura anawaona wa kundi la kwanza tu kwenye karatasi ya kura. Hakuna karatasi ya Viti Maalum. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu kura yako ya mbunge inafanya kazi mbili bila wewe kuambiwa. Kazi ya kwanza ni kumchagua mbunge wa jimbo lako. Kazi ya pili ni kuingia kwenye kapu la taifa la kura za chama cha mgombea uliyempigia, na kapu hilo ndilo linalotumika kugawa Viti Maalum. Mgombea wako akianguka jimboni, kazi ya kwanza imeishia hapo. Ya pili bado inaendelea.

Hilo ndilo jibu la nusu ya fumbo letu. Viti Maalum hufuata kura za chama nchi nzima. Havifuati idadi ya majimbo. Chama kinaweza kushindwa katika jimbo baada ya jimbo huku kikiokota kura kila mahali, na mwisho wa siku kapu likawa zito.

Kizingiti cha asilimia 5

Nusu ya pili ya jibu ni kizingiti. Ibara ya 78 ya Katiba inasema chama kinachotaka kupendekeza majina ya wanawake wa Viti Maalum lazima kiwe kimepata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge. Chini ya hapo, hata ukikosa kwa nukta, unarudi nyumbani mikono mitupu.

ACT-Wazalendo na CUF walikuwa na kura zilizojikusanya sehemu chache. Kura zikijikusanya zinashinda jimbo, lakini ukizitandaza juu ya nchi nzima zinakuwa nyembamba. Kwa kizingiti cha asilimia 5, wembamba huo ni kukosa kabisa. Mwaka 2020 vyama viwili tu ndivyo vilivyogawana viti vyote 113.

Angalia pia kinachotokea kwa kura za vyama vilivyobaki nje. Haziendi popote. Zinatoka kwenye hesabu, na viti vinagawanywa kwa kura za waliovuka tu, kwa hiyo waliovuka wanapata kidogo zaidi ya haki yao ya asili. Wanaotetea kizingiti wanasema kinazuia bunge kuwa na utitiri wa vyama vidogo vidogo. Wanaokipinga wanasema kinazika sauti za watu halali. Wote wana hoja. Hisabati haichagui upande, inakuonyesha tu bei ya kila upande.

Somo la 2015: kura zilivyokaa ramani

Ili uone vizuri tofauti kati ya majimbo na kura, mwaka 2015 ni mfano mtamu zaidi kuliko 2020. Tuchukue majimbo 256 (katika mengine machache uchaguzi uliahirishwa) na Viti Maalum 110 vya mgao wa kwanza.

CCM: takriban asilimia 55 ya kura, majimbo 188, Viti Maalum 64.
CHADEMA: takriban asilimia 32 ya kura, majimbo 34, Viti Maalum 36.
CUF: takriban asilimia 9 ya kura, majimbo 32, Viti Maalum 10.

Soma tena mistari miwili ya mwisho, polepole. CHADEMA walikuwa na kura zaidi ya mara tatu ya CUF, lakini kwa majimbo walipishana mawili tu. Ilikuwaje?

Jibu ni jiografia. Majimboni tunatumia utaratibu wa mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Ukipata kura 20,001 na mwenzako 20,000, unachukua jimbo lote na yeye hapati hata robo yake. Chama ambacho kura zake zimetapakaa nchi nzima kinaweza kuwa cha pili kila mahali, na nafasi ya pili hailipi. Chama ambacho kura zake zimejazana sehemu moja hakipotezi nyingi. CUF ya wakati ule ilikuwa na ngome imara Zanzibar, hasa Pemba, ambako majimbo yana wapiga kura wachache ukilinganisha na ya Bara. Kura chache, majimbo mengi.

Sasa linganisha na safu ya Viti Maalum. CCM walipata 64 kati ya 110, yaani asilimia 58. CHADEMA 36, karibu asilimia 33. CUF 10, asilimia 9. Hizo zinafanana sana na asilimia za kura, zimepanda kidogo tu kwa sababu vyama vilivyokuwa chini ya kizingiti vimetolewa. Kwenye majimbo, CCM kwa asilimia 55 ya kura walichukua asilimia 73. Kwa hiyo ndani ya Bunge moja kuna mizani mbili. Ya majimbo inamkuza mshindi, ya Viti Maalum inajaribu kurudisha uwiano. Ila mizani ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza, kwa hiyo inapunguza tofauti bila kuimaliza. Ukijumlisha viti vya mizani zote mbili, CCM walifika karibu asilimia 69.

Desimali zinapoleta ugomvi

Mpaka hapa tumesema viti vinagawanywa kwa uwiano, kama vile ni jambo rahisi. Shida ni moja: huwezi kumkata mbunge vipande. Uwiano ukitoa viti 5.2, ile 0.2 tunaipeleka wapi? Swali hili limewasumbua wanahisabati na wanasiasa kwa zaidi ya miaka 200.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kuna viti 10 na vyama vitatu:

Chama A: kura 52,000
Chama B: kura 25,000
Chama C: kura 23,000

Jumla kura 100,000, kwa hiyo bei ya kiti kimoja ni kura 10,000. Uwiano kamili ni A 5.2, B 2.5, C 2.3.

Njia ya kwanza ni ya mabaki makubwa. Kila chama kinapewa namba nzima: A 5, B 2, C 2. Hapo tumegawa viti 9, kimebaki kimoja. Tunaangalia nani ana baki kubwa: A ana 0.2, B ana 0.5, C ana 0.3. Kiti kinakwenda kwa B. Matokeo: A 5, B 3, C 2.

Njia ya pili inaitwa D'Hondt, kwa jina la Victor D'Hondt, Mbelgiji aliyeieleza mwaka 1878. Hapa tunafanya kama mnada. Kura za kila chama tunazigawanya kwa 1, kwa 2, kwa 3, na kuendelea, kisha tunachukua majibu 10 makubwa kuliko yote. A anatoa 52,000, 26,000, 17,333, 13,000, 10,400, 8,667. B anatoa 25,000, 12,500, 8,333. C anatoa 23,000, 11,500, 7,667. Ukiyapanga kuanzia kubwa, jibu la kumi ni 8,667, la Chama A. B na jibu lake la tatu, 8,333, ameachwa nje kidogo tu. Matokeo: A 6, B 2, C 2.

Umeona? Kura zile zile, viti vile vile, watu wale wale. Kilichobadilika ni njia ya kugawanya, na kiti kimoja kimehama kutoka B kwenda A. Kwa mtu wa nje ni kiti kimoja tu. Kwa mwanamke aliyekuwa namba tatu kwenye orodha ya Chama B, ni tofauti ya kuwa mbunge kwa miaka mitano au kubaki nyumbani. Na bunge likiwa limegawanyika nusu kwa nusu, kiti hicho kimoja ndicho kinachoamua muswada upite au ukwame.

Kwa kawaida D'Hondt huvipendelea kidogo vyama vikubwa, na mabaki makubwa huvipa nafuu vidogo. Basi mbona tusichague mabaki makubwa, inaonekana ya haki zaidi? Ngoja kwanza.

Alabama na kiti kilichoyeyuka

Baada ya sensa ya 1880, Marekani walikuwa wakigawa viti vya Baraza la Wawakilishi kwa majimbo yao, kwa njia hii hii ya mabaki makubwa. Walipojaribu ukubwa tofauti wa baraza wakakutana na kioja. Baraza likiwa na viti 299, Alabama inapata 8. Baraza likiongezwa kiti kimoja, liwe na 300, Alabama inapata 7.

Yaani keki imekuwa kubwa, watu hawajabadilika, na kipande chako kimepungua! Hakuna aliyeiba. Viti vinapoongezeka, uwiano wa kila jimbo hupanda kwa kiasi kinacholingana na ukubwa wake. Majimbo makubwa desimali zao hupanda haraka zaidi. Mawili yalipanda hadi mabaki yao yakaipita baki ya Alabama, na Alabama ikapoteza kiti ilichokuwa imekishika kwa ncha ya kidole.

Hadi leo jambo hili linaitwa kitendawili cha Alabama. Mwaka 1982 wanahisabati Michel Balinski na Peyton Young walionyesha kwa uthibitisho kwamba hakuna njia itakayotupa kila kitu. Njia inayohakikisha kila mmoja anabaki karibu na uwiano wake kamili, yaani hapewi pungufu ya namba nzima iliyo chini wala zaidi ya iliyo juu, haiwezi kukwepa vioja vya aina hii daima. Na njia inayokwepa vioja hivyo itakuja siku ivunje uwiano. Hakuna mgao mkamilifu. Kuna kuchagua kasoro utakayoweza kuishi nayo, na kuiandika kwenye sheria kabla kura hazijapigwa, maana baada ya kuhesabu kila mtu atachagua njia inayompa yeye.

Majimbo nayo yana mgao wake

Kabla ya kura kuna mgao mwingine: nani anapata majimbo mangapi. Kwa uchaguzi wa 2025 majimbo ya Tanzania yaliongezwa yakafika 272, Bara 222 na Zanzibar 50. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, kati yao 1,889,773 wakiwa Zanzibar. Piga hesabu: jimbo la Zanzibar kwa wastani lina watu kama 38,000. La Bara lina karibu 270,000. Tofauti ni mara saba.

Ukiangalia kwa jicho la mtu mmoja kura moja, hilo halikubaliki. Ukiangalia kwa jicho la muungano wa nchi mbili zilizoungana mwaka 1964, mgao kwa idadi ya watu peke yake ungeiacha Zanzibar na majimbo kama 8 hivi kati ya 272, na sauti yake ingemezwa. Sio Tanzania peke yake inayofanya hivi. Katika Bunge la Ulaya, Ujerumani ina viti 96 na Malta ina 6. Mjerumani mmoja bungeni anawakilisha watu takriban 870,000, Mmalta anawakilisha chini ya laki moja. Walikubaliana hivyo makusudi, ili mdogo akubali kukaa meza moja na mkubwa.

Majirani wanafanyaje?

Kenya wana Bunge la Taifa lenye wabunge 290 wa majimbo, wanawake 47 (mmoja kila kaunti), na 12 wa kuteuliwa na vyama. Tofauti ni mbili. Wale wanawake 47 wanapigiwa kura moja kwa moja na wapiga kura wa kaunti nzima, kwa hiyo wana mipaka na wana watu wanaoweza kuwauliza maswali. Na wale 12 hugawanywa kwa uwiano wa viti ambavyo chama kimeshinda. Si kwa kura. Ukiupeleka utaratibu huo kwenye fumbo letu la 2020, matokeo yanapinduka: mwenye majimbo manne anamtangulia mwenye jimbo moja.

Rwanda nao wana wabunge 80 katika Baraza la Wawakilishi: 53 kwa orodha za vyama, wanawake 24 wanaochaguliwa na mabaraza maalumu ya uchaguzi, vijana 2, na mwakilishi 1 wa watu wenye ulemavu. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwa na bunge lenye wanawake wengi kuliko wanaume. Uganda wao wana mbunge mwanamke kwa kila wilaya.

Kwa hiyo nia inaweza kuwa moja, kuongeza wanawake bungeni, na hesabu zikawa tofauti kabisa. Hesabu ndiyo inayoamua mbunge huyo atamwogopa nani.

Kiti cha nani?

Na hapa ndipo penyewe. Tanzania ilianza na viti 15 vya wanawake mwaka 1985. Leo Katiba inataka wasiopungua asilimia 30, ikihesabiwa juu ya wabunge wa makundi mengine. Ndiyo maana 113 kati ya 393 haikuvunja sharti ingawa iko chini kidogo ya asilimia 30 ya Bunge zima. Kwa idadi, ni hatua kubwa.

Lakini kiti cha Viti Maalum hakina jimbo. Jina linatoka kwenye orodha ya chama, na nafasi yako kwenye orodha ndiyo uhai wako. Kwa kuwa Katiba inamtaka kila mbunge awe mwanachama wa chama, ukivuliwa uanachama kiti kiko hatarini, na wewe huna wapiga kura wa kukimbilia. Kesi ya wale 19 ilionyesha hilo wazi. Waliapishwa tarehe 24 Novemba 2020, chama chao kikasema hakikuwapendekeza, na siku chache baadaye kikawafukuza uanachama. Wao wakapinga kufukuzwa, suala likaenda mahakamani, na waliendelea kukaa bungeni. Hesabu ilikuwa imesema viti 19. Haikuwa na uwezo wa kusema viti hivyo ni vya nani: vya chama, vya wanawake wenyewe, au vya wapiga kura ambao kura zao ndizo zilizojaza lile kapu.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Ibara ya 51 ya Katiba inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa kutoka jimboni. Mbunge wa Viti Maalum, hata awe hodari namna gani, mlango huo kwake umefungwa. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo nao, kama jina lake linavyosema, ni wa majimbo. Viti ni sawa bungeni wakati wa kupiga kura, lakini nje ya ukumbi havina uzito mmoja.

Kwa hiyo safari nyingine matokeo yakitangazwa, usiishie kuuliza nani kashinda majimbo mangapi. Uliza kapu la kila chama lina kura ngapi nchi nzima, nani amevuka asilimia 5, na desimali zimezungushwa kwa njia gani. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya Bunge ambayo hujawahi kuiona kwenye karatasi ya kura.

Na kwa wanaopenda kujipima: rudi kwenye Chama A, B na C, kura zile zile, ila sasa gawa viti 11 badala ya 10. Jaribu kwa njia zote mbili. Safari hii utakuta zinakubaliana: A 6, B 3, C 2. Kiti kimoja kimeongezwa, na ugomvi wote umekwisha. Ukishapata jibu, jiulize ni nani mwenye mamlaka ya kuamua viti viwe 10 au 11.